Saa Iliporudishwa Nyuma, Tensta

Mama yangu alifika Stockholm mwezi wa Juni, katikati ya miaka ya elfu mbili, baada ya kusubiri makaratasi kwa muda mrefu. Alitoka kambini Kigoma. Mimi mwenyewe nilikulia kambi ileile baada ya sisi kukimbia Burundi, na huko ndiko nilikomwacha nilipopata nafasi ya kuja Sweden na mume wangu. Mume wangu ni Mkongo wa Uvira. Ndiyo maana nyumbani kwetu Tensta, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, tulisema Kiswahili, kwa kuwa Kirundi changu na Kifuliru chake havikutosha kuendesha nyumba. Tulikuwa na binti mmoja, aliyezaliwa hukuhuku, na mwaka ule alikuwa darasa la tatu.

Kitu cha kwanza kilichomshangaza mama kilikuwa mwanga. Kambini giza lilikuwa linaingia saa moja jioni, leo na kesho na mwaka mzima. Tensta mwezi wa Juni ilifika saa nne za usiku na jua lilikuwa bado linapaka rangi madirisha ya ghorofa letu la pili.

"Hawa watu wanalala lini?" aliniuliza.

"Wanafunga mapazia, mama."

Tulimtundikia blanketi zito dirishani ili apate usingizi. Wiki hizo hatukuwa tukiwasha taa yoyote isipokuwa ya bafuni, ambako hakuna dirisha. Mume wangu alifurahi. Alikuwa amekulia mahali ambapo umeme, au courant kama watu wa Uvira wanavyouita, ulikuja siku uliyotaka wenyewe, na alipoupata wa saa ishirini na nne hakuacha kuuonea uchungu. Alitembea vyumbani akizima taa nyuma yetu. Joto la mabomba ya kupasha nyumba lilikuwa ndani ya kodi, lakini taa na jiko tulilipia sisi, na hilo hakulisahau.

Mama hakukaa sebuleni kama mgeni. Siku ya tatu alihamia jikoni. Alivuta kigoda hadi chini ya dirisha na hapo pakawa mahali pake. Alikuwa akichambua maharage pale, akiyaleta karibu kabisa na uso.

"Maharage ya huku hayana mawe, mama," nilimwambia.

"Nimezoea," akajibu.

Mimi nilikuwa nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwapa dawa. Nilikuwa natoka kazini, nampitia binti yangu shuleni, na tunaingia nyumbani pamoja kama saa kumi na moja na nusu. Mama alitaka tukute chakula cha moto. Kwa hiyo kila siku saa kumi alianza kupika, jua la alasiri likiingia dirishani hadi kwenye ubao wa kukatia vitunguu. Hakutaka kusaidiwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nimekula chakula nilichojipikia mwenyewe nikiwa nimechoka, na sasa nilikuwa nafungua mlango nakuta isombe, yale majani ya mihogo ya kutwangwa, na ugali mezani. Nilinenepa msimu ule wa kiangazi, na sikujali.

Ikafika Jumamosi moja ya mwisho wa Oktoba. Tulikuwa mezani. Binti yangu alikuwa na habari kutoka shuleni na alishindwa kuingoja.

"Mormor, kesho saa inarudi nyuma!"

Alimwita bibi yake mormor, kama watoto wa Kiswidi wanavyomwita mama wa mama. Alisikia Kiswahili chote lakini alijibu kwa Kiswidi, nami nikiwa katikati nafasiri.

"Inarudi nyuma kwenda wapi?" mama akauliza.

Mume wangu akanigeukia mimi, ingawa mama alikuwa ameketi umbali wa mkono mmoja kutoka kwake. Kwetu mkwe wa kiume humstahi mama mkwe kiasi cha kutozungumza naye moja kwa moja mambo ya nyumba. Hata chumvi aliiomba kupitia kwangu.

"Mwambie mama kwamba serikali inasogeza saa," alisema. "Mwezi wa tatu wanaipeleka mbele, mwezi wa kumi wanairudisha. Ni kwa ajili ya kubana courant."

"Mama, anasema..."

"Nimemsikia," mama alisema. "Lakini ukisogeza saa, umeme unabaki vipi? Jua linajua saa?"

Binti yangu akaeleza kama alivyoelezwa darasani. Wakati wa kiangazi saa hupelekwa mbele ili watu watumie jua la jioni badala ya taa. Sasa majira yanarudi kawaida, giza litaingia mapema, na kila mtu anapaswa kusaidia nchi isipoteze umeme. Wasiache taa zikiwaka bure. Tena mwalimu amewapa kazi: mita ya nyumbani waliyoisoma wiki iliyopita waisome tena leo na wiki ijayo, waone kama saa imebadilisha kitu.

Nilimfasiria mama yote hayo.

"Kumbe nchi hii nayo ina shida ya umeme," alisema.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Ilinibidi baadaye nikumbuke mama alikuwa nani kule kambini. Kuni zilipokuwa adimu, wanawake walikwenda mbali porini kuzitafuta, na huko walikutana na mabaya ambayo wengine hawakurudi kuyasimulia. Mama alichaguliwa na wenzake kupita nyumba kwa nyumba akifundisha kubana kuni: loweka maharage tangu jana, funika sufuria, jenga jiko la udongo lisilotoa moto nje. Aliyechoma kuni bure alimpeleka mwenzake porini. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia nchi iliyompokea inabana umeme, halichukulii hilo kama habari ya shuleni.

Jumapili tukarudisha saa. Jumatatu nilitoka kazini wakati uleule wa siku zote, nikakuta taa za barabarani zimekwisha kuwaka na watu wamekunja shingo ndani ya makoti. Juma lililopita saa hiyo ilikuwa bado mchana. Sasa ilikuwa kama mtu amekata kipande cha alasiri akakihamishia asubuhi, ambako hatukukihitaji, kwa sababu asubuhi sisi tulikuwa tunakimbilia treni tu.

Nyumbani hakukuwa na badiliko nililoliona. Tulifungua mlango, taa ya ukumbini ikawa imewaka, ya jikoni imewaka, chakula mezani. Sikujua kwamba mama alikuwa anatega sikio kwenye lifti. Aliposikia imesimama ghorofa letu na funguo zinalia, ndipo alipobonyeza swichi.

Wiki ikapita. Mume wangu na binti yetu wakashuka kwenye kabati la mita, kwenye ngazi za jengo, wakasoma. Walipanda wakicheka.

"Umeme umepungua!" mume wangu alisema. "Mwambie mama, saa kweli inaokoa courant. Mimi nilidhani ni maneno ya wanasiasa."

Mama alitabasamu. Sasa nikiikumbuka ile sura yake, nadhani ilikuwa fahari.

Siku iliyofuata binti yangu alirudi na maajabu. Darasani nyumba nyingi zilikuwa zimetumia umeme zaidi baada ya saa kurudishwa, kwa sababu watu wanafika nyumbani gizani na kuwasha kila kitu. Chache zilibaki palepale. Yetu ilikuwa imeshuka. Mwalimu alimsifu mbele ya wenzake, kisha akamuuliza tumefanyaje. Akalileta swali kwangu.

Nilijaribu kupiga hesabu. Giza linaingia mapema, tena nyumbani kuna mtu kutwa nzima. Umeme unapunguaje?

"Labda mita imekosea," nilimwambia mume wangu.

"Mita haina sababu ya kunipendelea mimi," alijibu.

Katikati ya Novemba, mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alipelekwa hospitali, nikaruhusiwa kuondoka mapema. Nilishuka kituo cha Tensta kidogo baada ya saa kumi na nikatembea kuelekea nyumbani kwanza, kabla ya kumfuata binti yangu shuleni. Giza lilikuwa limekwisha shika. Jengo letu lilikuwa limewaka kuanzia chini hadi juu, televisheni zikimetameta, watu wakionekana wanapita majikoni mwao. Madirisha yetu tu ndiyo yalikuwa meusi.

Niliwaza mama ametoka, amepotea, hajui neno la Kiswidi, amevaa kandambili. Lifti ilikuwa juu, sikuingoja. Nilipanda ngazi nikikimbia, nikafungua mlango, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa ikanipokea kutoka gizani.

"Nani?" sauti ya mama iliuliza.

"Ni mimi, mama."

Nikabonyeza swichi. Alikuwa amesimama mbele ya jiko, kitenge kimefungwa kifuani, mwiko mkononi. Mkono wa kushoto ulikuwa umezungushiwa kitambaa kilicholowa maji. Niliukamata, nikakifungua kitambaa. Kiganja chote kilikuwa chekundu, na chini ya vidole ngozi ilikuwa imeanza kuvimba.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa naangalia kama limepata moto."

Jiko letu lilikuwa la sahani za chuma. Halitoi mwali, halitoi mlio. Kuni zingemwambia mama kila kitu kwa sauti na kwa mwanga wake. Lile la chuma halikumwambia chochote mpaka alipoweka kiganja.

"Mama, kwa nini uko gizani?"

"Si mlisema tubane umeme?"

"Si kwa namna hii! Kubana ni kuzima taa ya chumba ambacho hakina mtu. Wewe ni mtu!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilizima jiko, nikamvuta hadi kwenye bomba, nikaushika mkono wake chini ya maji baridi. Aliacha nimshike. Kisha akasema taratibu, kama anayenituliza mimi:

"Mwanangu, hata ukiwasha, kwangu tofauti ni ndogo."

"Ndogo vipi?"

"Naona kuna weupe. Wewe nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua. Hili jicho la kulia halina hata huo weupe."

Maji yaliendelea kutiririka. Nilimuuliza tangu lini, akaniambia tangu kambini, miaka kadhaa. Kiangazi kilimsaidia. Saa kumi jua lilikuwa linaingia dirishani kwa nguvu, akaweza kuona kisu na kitunguu na mdomo wa sufuria. Waliporudisha saa, alisema, saa kumi yake ikageuka usiku. Alijaribu taa mara moja tu, akaona hazifikii jua la dirishani. Angeweza kupika mapema zaidi, lakini chakula kingepoa kabla hatujafika. Akajifunza kupika kwa vidole, na hata taa za ukumbini na bafuni, alizokuwa akiziwasha kutwa, akaacha kuziwasha.

"Nikasema nitachomaje umeme wa watu kwa macho yasiyofaidika?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Walipokuwa wananihoji kuhusu safari waliniuliza kama ni mzima. Nikasema mzima. Sasa wakijua ni kipofu wataniona mzigo, wanirudishe."

"Hakuna anayerudishwa kwa sababu ya macho, mama."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akauliza mara nyingine tena. Nikajibu tena. Ndipo mabega yake yaliposhuka, akalia, na mimi nikalia, mkono wake ukiwa bado chini ya bomba.

Mume wangu aliporudi nilimsubiri ukumbini nikamweleza yote kwa sauti ya chini. Alisikiliza bila kuvua koti. Kisha akageuka akatoka tena, nami nikadhani amekasirika. Alirudi na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na balbu zenye nguvu na taa ndefu ya kufunga chini ya kabati la jikoni. Alipanda juu ya kiti, akabadilisha balbu zote: jikoni, ukumbini, chumbani kwa mama. Halafu akaishika ile taa ndefu juu ya jiko, akainamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema na mama mkwe wake mwenyewe.

"Mama, uniwie radhi. Hapa unapata mwanga, ao hapa?"

Mama naye aliona haya. Alivuta kitenge kichwani. "Sogeza kidogo," alisema.

"Hapa?"

"Bado."

"Hapa?"

"Hapo. Hapo ni afadhali."

Akaifunga palepale. Tangu siku hiyo hakumwambia mtu yeyote nyumbani mwetu azime taa.

Binti yangu aliuliza kama alikuwa amedanganya darasani. Nilimwambia hapana, mita ilisema kweli, sisi ndio hatukujua kisa chake. Akaenda kumweleza mwalimu mwenyewe. Alirudi akasema mwalimu alimwambia jibu letu libaki ubaoni pamoja na mengine, ila watoto wajue halikuletwa na saa, lililetwa na mtu.

Tulipata nafasi kwa daktari wa macho kabla ya Krismasi. Mkalimani alizungumza nasi kwa simu, mwanamke mwenye Kiswahili kizuri cha pwani. Daktari alipima muda mrefu, akasema, na mkalimani akafasiri: "Mama, jicho la kushoto lina mtoto wa jicho."

"Mtoto gani?" mama alisema. "Mimi kuzaa nilimaliza zamani."

Mkalimani alicheka hadi simu ikakwaruza, na daktari akatuangalia mmoja mmoja akingoja kuelezwa. Huo ndio ulikuwa wepesi pekee wa siku ile. Jicho la kushoto lingeweza kupasuliwa na kuona. La kulia lilikuwa limeharibiwa na presha ya ndani ya jicho, na ilikuwa imechelewa mno; dawa zingelinda lile moja tu lililobaki. Sauti ya mkalimani ilishuka alipolifasiri hilo, na mwishoni akaongeza maneno ambayo daktari hakuyasema: "Pole sana, mama yangu."

Majira ya baridi yote tulisubiri. Taa ziliwaka nyumbani kutoka alasiri hadi tunapolala, na asubuhi pia, kwa maana mwezi wa Desemba kipande kile kilichohamishwa kutoka alasiri nacho kilikuwa kimemezwa na giza. Bili ilipanda. Mume wangu aliilipa bila kuisoma kwa sauti kama alivyozoea.

Upasuaji ulifanyika theluji ikiwa bado nje. Kesho yake mama alibanduliwa kifuniko cha jicho. Nilikuwa nimeketi mbele yake. Alipepesa, akafuta machozi, akanitazama kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kuvumilia kutazamwa.

"Umeota mvi," alisema.

"Zamani, mama."

"Uwanja wa ndege nilikujua kwa sauti. Muda wote huu nilipokusikia, nilikuwa naona sura ya yule msichana niliyemuaga." Akanyoosha mkono, ule uliokuwa na kovu, akanigusa paji la uso. "Basi nawe umepata taabu."

Nikaushika ule mkono, nikauacha palepale.

Tangu mwaka ule nimesogeza saa mara nyingi. Kila inapofika Machi na Oktoba watu hubishana redioni kama umeme unaokolewa au hauokolewi, na sijui kuhusu viwanda wala nchi nzima. Najua nyumba ya Tensta. Kiangazi hatukuhitaji saa ya mtu kutuambia tusiwashe taa. Jua lenyewe lilikataa kuondoka. Oktoba tulipata wiki chache za asubuhi nyeupe, tukazilipia kwa taa za alasiri, tena kwa saa ambayo wote tuko nyumbani. Mtoto anasoma, mtu anapika, mtu anapiga pasi. Mita yetu haikupungua tena kama ilivyopungua juma lile moja, nami sikutaka ipungue.

Mama aliishi nasi hadi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Kwa jicho moja alijifunza njia ya kwenda Rinkeby, mtaa wa jirani, kwa miguu, akanunua dagaa na majani ya mihogo, akagombana na wauzaji kwa Kiswahili, wao wakimjibu kwa Kisomali, na bado akarudi na alichotaka. Alikuwa na rafiki, bibi wa Kinyarwanda wa jengo la jirani, na wote wawili walikwenda kanisani mapema mno, wakakaa safu ya mbele. Alifariki mwezi wa Mei, asubuhi, hospitalini. Moyo ulichoka. Nilikuwepo.

Baada ya mazishi watu walikuja nyumbani kutufariji: Warundi, Wakongo, Wakenya wawili, na mwalimu wa zamani wa binti yangu. Walijaa sebule na ukumbi. Waliomjua mama walisimama mmoja mmoja kusema habari zake. Nilipodhani wamekwisha, mume wangu akasimama. Hakuwa mtu wa hotuba. Alisema mama mkwe wake, kila alipopika wali, alikuwa akimkwangulia ukoko chini ya sufuria, akamwekea kwenye sahani peke yake na kuifunika. Yeye hakuwahi kumwambia kwamba anaupenda, wala mama hakuwahi kumuuliza. "Alijuaje," alisema, "mpaka leo sijui."

Akatungoja kidogo, kama kuna mtu chumbani ambaye angeweza kumjibu. Kisha akaketi, na wanawake wakaanza kupakua chakula.